Vidole vya Mwalimu

Ukifika Iyunga, hapa Mbeya, ukamuulizia mtu wa droni, utaletwa kwangu. Hutauliza mara mbili. Nyumba yangu ni ile yenye geti la bluu, na ofisini, juu kidogo ya kichwa changu, stashahada yangu imo kwenye fremu ya kioo ili mteja aisome kabla hajafungua mdomo. Niliipata Malaysia, nikisoma jioni baada ya kuosha vyombo vya watu mchana kutwa. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala mkubwa aliyeniandikia barua. Nilirudi na begi moja la nguo na jingine la vifaa, na leo wenye mashamba makubwa kuanzia Usangu mpaka Ruaha Mbuyuni wanayo namba yangu ya simu. Sioni haya kusema hivyo. Anayeona najivuna namwambia ajaribu yeye.

Lakini mtu ninayemwandika hapa hakuisoma stashahada ile hata siku moja, na ndiye mtu pekee niliyetaka anione. Nimekaa miezi kadhaa nikijaribu kuandika habari zake kwa namna ambayo mwisho wake unabadilika. Haubadiliki. Basi nitaandika kama ilivyo.

Tulimwita Mwalimu. Alikuwa amestaafu kufundisha useremala, akaishi Kalenga, karibu na mto, na kazi yake ya uzeeni ilikuwa kuunda ndege ndogo za kurusha kwa rimoti. Sijui alizaliwa kijiji gani wala baba yake alikuwa nani. Sikuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujisimulia. Ninachokijua vizuri ni mikono yake. Vidole virefu, vikavu, kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama, na kwenye kidole gumba cha kulia alama ya kuungua ya gundi ya moto, imekaa kama punje ya mahindi. Nikifumba macho sasa hivi naweza kukuambia uzito wa vidole vile.

Nilimpata kwa sababu ya aibu. Droni yangu ya mapanga manne ya kuzunguka inakaa hewani nusu saa, betri imekwisha. Kwa kupiga picha za shamba la vitunguu la ekari kumi inatosha. Kwa mashamba ya mpunga ya Usangu, unashuka na kupanda mpaka jua linazama. Nikasikia kwamba ndege yenye mabawa inaweza kukaa juu saa nzima kwa betri ileile, kwa sababu inabebwa na hewa badala ya kupigana nayo. Nikaagiza moja. Nikaivunja siku ya kwanza. Nikaagiza ya pili, nikaivunja kabla sijamaliza kushukuru kwamba imepaa. Ya tatu niliitengeneza mwenyewe, nayo ikaenda kichwa chini kwenye mtaro. Mimi, mwenye saa mia nane za kurusha!

Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya umeme pale Iringa mjini, Mhindi mwenye duka la babu yake, alinicheka waziwazi nilipoenda kununua mota nyingine.

"Wewe nenda Kalenga kwa Mwalimu," akaniambia. "Kila mwezi anakuja hapa kuchukua takataka zangu, yale mapovu meupe ya kwenye maboksi ya televisheni. Mimi natupa, yeye anarusha. Wewe unanunua, halafu unatupa."

Nilimkuta Mwalimu amekaa kwenye kigoda anachana mwanzi kwa kisu. Uti wa mabawa yake yote ulikuwa mwanzi, mianzi ileile inayogemwa pombe ya ulanzi, na majirani walipenda kusema ndege zake zinayumba kwa sababu hiyo. Nikamsalimia kwa Kihehe kidogo nilichokuwa nacho, "Kamwene", akaitikia, akaniangalia viatu.

"Umetoka Mbeya."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mnyakyusa."

"Ndiyo."

"Basi anza kujisifu, tumalize hilo kwanza."

Nikamweleza. Malaysia, stashahada, saa mia nane. Alisikiliza mpaka mwisho huku mwanzi ukichanika sawasawa kama uzi.

"Hizo saa mia nane," akasema, "ni za kuning'inia. Droni inaning'inia. Ndege inakwenda. Umerusha saa ngapi za kwenda?"

Nikaanza kuhesabu kwa dakika.

"Ee. Tuanzie hapo, mwanangu."

Kwa wiki mbili hakunipa rimoti. Alinipa ndege, ndege nzima mkononi, akanituma nitembee nayo uwanjani nimeinyoosha mkono kama mtoto mchezoni. Nipande nayo, nigeuke nayo, nishuke nayo mpaka nyasi ziguse tumbo lake, na wakati wote niseme kwa sauti bawa linahisi nini. Mimi mtu wa miaka thelathini na nane, nimetoka Mbeya kwa basi, nazunguka kwenye malisho ya ng'ombe nikisema, "Sasa bawa la kushoto ni zito, sasa upepo unatoka nyuma." Malisho yale yalikuwa ya mama mmoja mjane mwenye ng'ombe sita, nasi tulimwita Mama wa Uwanja. Alikuwa anasimama kwenye uzio mikono kiunoni.

"Mwalimu! Huyu wa leo naye umemfanya nini? Kaja na akili zake?"

"Alikuja nazo nyingi mno," Mwalimu akamjibu. "Tunapunguza."

Mwalimu alitumia neno lake mwenyewe kwa kile ambacho vitabu vyangu vilikuwa na ukurasa mzima wa michoro juu yake. Ndege ikikosa mwendo, bawa linaacha kubeba, inaanguka. Yeye alisema bawa limechoka. "Usilivute juu likiwa limechoka. Mtu aliyechoka ukimvuta mkono anaanguka. Mwache ashuke kidogo, apate pumzi, atanyanyuka mwenyewe." Nilifaulu mtihani wa somo lile kwa alama za juu kabisa darasani, na sikulielewa mpaka nilipolisikia Kalenga kwa mzee mwenye vumbi la povu kwenye nyusi.

Lakini kuelewa si kuweza. Ugonjwa wangu ulikuwa mmoja, na ni ugonjwa wetu sote tuliotoka kwenye droni. Droni ukichanganyikiwa, unaachia vijiti vya rimoti. Unaondoa vidole gumba, yenyewe inasimama hewani, inakusubiri ufikiri. Miaka yangu yote niliokolewa na kuachia. Ndege ukiiachia haisimami. Inaendelea na kosa lile ulilokuwa nalo, kwa uaminifu kabisa, mpaka ardhini. Kila nilipoogopa, vidole vyangu vilinyanyuka vyenyewe. Nilijua vinanyanyuka, nikavikataza, vikanyanyuka.

Ndipo Mwalimu akaanza kusimama nyuma yangu. Alikuwa mrefu kunizidi, kidevu chake kikafika juu ya bega langu, akapitisha mikono kunizunguka na kuweka vidole vyake juu ya vyangu kwenye rimoti. Alinukia tangawizi na sabuni ya kipande.

"Sikiliza sheria," akasema. "Vidole vyangu vikiwa vyepesi, ndege ni yako. Vikikandamiza, ndege ni yangu, wewe achia. Achia kabisa. Wawili hawarushi ndege moja."

Mama wa Uwanja alikuwa pale. "Mwalimu, leo umepata mchumba?"

"Mchumba ana viatu vya bei," Mwalimu akasema sikioni mwangu, kwa sauti ya kumtosha yule mama. "Ila miguu ya ng'ombe."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Tulirusha mwili mmoja wenye vichwa viwili. Mara nyingi vidole vyake vilikuwa vyepesi kama nzi, nami nikasahau vipo. Kisha nikakosea, vikashuka, nikaachia, ndege ikanyooka. Kwa vidole vile, mazoea yangu mabaya ya kuachia yakapata kazi halali. Sikuliona hilo wakati ule. Naliona sasa kila siku.

Kulikuwa na sheria nyingine, na hii ilitokana na ng'ombe. Zamani, kabla yangu, mwanafunzi mmoja aliangusha ndege akaacha vipande vya povu kwenye nyasi. Ng'ombe wa Mama wa Uwanja akala, akavimba, akafa. Mwalimu alimlipa ng'ombe mwingine, na tangu hapo kila aliyeangusha alipiga magoti na kiroba kitupu cha mchele, akaokota kila kipande, hata cha ukubwa wa dengu. Mwalimu alisimama pembeni bila kusaidia. "Aliyeangusha ndiye anayeokota." Nimeokota sana. Nayajua majani ya malisho yale kwa majina niliyoyapa mwenyewe.

Vile vipande tulivirudisha kwake, akaviunga. Ndege moja ilikuwa na makovu kumi na tisa. Siku moja ikakataa kupaa. Ikakimbia kwenye nyasi mpaka mwisho wa uwanja kama kuku. Nikakagua mota, betri, panga. Mwalimu akaichukua mkononi, akaipandisha na kuishusha.

"Ndege haifi kwa kuanguka," akasema. "Inakufa kwa gundi. Kila ukiiponya unaiongezea uzito kidogo. Siku moja ni nzima kabisa, haina tundu, na haiwezi kunyanyuka."

Nilidhani anaongelea ndege.

Msidhani alikuwa mtu mtakatifu. Alifundisha subira uwanjani na hakuweza kusubiri ugali upoe, akaunguza ulimi kila siku, mke wake akamcheka kila siku. Alikuwa mzee wa kanisa, na upepo wa mchana wa mwezi wa nane ukimpindulia ndege aliutukana kwa Kihehe maneno ambayo mke wake alikataa kunitafsiria. Aliziita droni zangu feni. "Feni yako ipo?" Lakini bati la jikoni lilipovuja, alinijia taratibu kama mtu anayekuja kuomba chumvi, akauliza kama ile feni inaweza kwenda kuangalia msumari uliolegea. Tukauona. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho akasema, "Kwa paa inafaa."

Na mtu huyu hakuwahi kupanda ndege ya kweli. Aliogopa hata ngazi. Nilimtania kwamba mimi nimevuka bahari mara mbili. Jioni, tukiwa tunakunja nyaya, akauliza bila kunitazama, "Ukiwa mle ndani, unalisikia bawa likianza kuchoka?"

Nikamwambia ukweli. Kwenda na kurudi nilikuwa nimelala.

Alinitazama kwa huruma ambayo sijatazamwa nayo na mtu mwingine yeyote.

Sasa niseme habari ya macho, maana yote mengine yanakwenda huko.

Kila nilipokwenda Kalenga ndege zilikuwa zimekua. Ya kwanza niliyoijua ilikuwa na mabawa ya urefu wa mkono. Mwaka uliofuata mikono miwili. Halafu akaanza kupaka mabawa rangi ya chungwa kwa chini, halafu mistari myeusi minene. Nilifurahi. Nilidhani mzee anapata ujasiri kwa kuwa na mwanafunzi wa maana. Nikamwambia hivyo, na Mungu anisamehe, nikamwambia kwa kujipongeza.

Mke wake ndiye aliyenipa ukweli, akiwa anapepeta maharage nje. "Hapanui mabawa kwa ujasiri, baba. Macho yanabana. Hospitali wamesema ni presha ya macho, na tulichelewa. Anaunda kubwa ili azione."

Jioni ile nilimkabili. Hakukataa.

"Wanafunzi wangu tisa," akasema. "Wote walijifunza kupaa. Kupaa hata karatasi inapaa. Hakuna aliyetua mwenyewe. Mmoja alioa, mmoja alipata kazi Dodoma, wengine walichoka kuokota. Wewe ndiye wa kumi. Sina haja nyingine, mwanangu. Nataka nione mmoja anatua, vidole vyangu vikiwa mfukoni. Nione kwa macho haya. Yakifunga baadaye, yafunge."

Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Ungeacha kazi, ungehamia Kalenga, ungetua au ungekufa ukijaribu. Mimi nilikuwa na zabuni Usangu. Nilimwambia, "Nipe miezi miwili, Mwalimu." Na nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni akili.

Kuna kisanduku kidogo, kama kiberiti, unakifunga ndani ya ndege, nacho kinainyoosha chenyewe. Ukichanganyikiwa unaachia vijiti, ndege inajiweka sawa. Kwa kifupi, kinaifanya ndege iwe na tabia za droni. Nikakiagiza. Nikakifunga ndani ya tumbo la ndege yangu mpya, nikaziba kwa povu vizuri kabisa. Kwa wiki tatu nilitua kama njiwa. Nikaenda Kalenga nimevaa shati la sherehe.

Mwalimu alisimama uwanjani, mikono mfukoni kama alivyoahidi, kichwa amekiinamisha upande kwa sababu alikuwa amebaki na uoni wa pembeni ya jicho la kushoto tu. Mke wake alikuja. Mama wa Uwanja alizuia ng'ombe. Nikapaa, nikazunguka, upepo wa mtoni ukaipiga ndege kwa ubavu. Bawa likayumba, likarudi sawa papo hapo, sawa kama limepigiwa rula. Nikaanza kushuka.

"Simama," Mwalimu akasema.

"Nashuka, Mwalimu. Tazama."

"Natazama. Mwambie huyo anayeirusha aishushe. Nataka kuongea na wewe."

Ilitua yenyewe, laini. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu hakugomba. Laiti angegomba. Alisema tu, "Nilikuwa nimebakiwa na kiasi hiki," akaonyesha kwa vidole viwili nafasi ndogo, kama ya kushika punje, "na wewe umekitumia kunionyesha mashine."

Nilijibu kwa hasira ya mtu aliyekamatwa. Nilimwambia kwamba dunia imeendelea, kwamba mteja haulizi nani anarusha, kwamba mimi nimesoma na yeye anaokota takataka dukani. Neno hilo la takataka nililisema mbele ya mke wake. Nikapanda gari nikarudi Mbeya.

Sikurudi Kalenga kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Nilikuwa na kazi, lakini si kazi iliyonizuia. Nilijiambia kwamba nitarudi nikiwa nimeweza, nisije nikasimama mbele yake nikiwa bado mwongo. Kiburi kinajua kuvaa nguo za heshima.

Nikakitoa kile kisanduku. Nikanunua povu, nikachana mwanzi, nikajikata vidole. Kila Jumapili nilikwenda kwenye tambarare za Usangu peke yangu. Niliangusha na kuokota, kiroba mkononi, ingawa huko hapakuwa na wa kunisimamia. Na siku moja vidole vyangu vikaacha kunyanyuka. Sijui ni siku gani. Niligundua tu baadaye kwamba nimeogopa na sikuachia. Nikatua. Nikatua tena. Nilipotua mara mia niliacha kuhesabu, na ninasema hapa, kwa kuwa hakuna atakayelisema kwa niaba yangu, kwamba kutoka Mbeya mpaka Iringa hakuna anayetua na ndege isiyo na kisanduku kama mimi.

Wakati huo wote macho ya Mwalimu yalikuwa yanafunga. Nilijua. Mke wake alinipigia mara mbili. Mara ya pili alisema, "Bado anaona mwanga wa dirishani." Nikasema, "Mwezi ujao, mama." Mwezi ujao nilisema vilevile.

Nilipofika, alikuwa kwenye kigoda chake kilekile, mikono imelala magotini bila kazi. Uso wake uligeukia hatua zangu.

"Viatu vya bei," akasema.

Nikapiga magoti nikamshika miguu. Nikaomba radhi kwa neno lile. Akanigonga kichwani taratibu, kama mtu anayepima kama tikiti limeiva.

"Mwanga wa dirishani ulikwisha wiki ya Pasaka," akasema. "Umekuja na nini?"

"Nimekuja kutua, Mwalimu. Bila kisanduku. Ndege nimeiunda mwenyewe."

"Hiyo iache. Mke wangu, mpe ile ya darini."

Ilikuwa ndege yake ya mwisho. Mabawa yalikuwa mapana kuliko kitanda, chungwa chini, mistari myeusi. Alikuwa ameimaliza kwa kupapasa, na haikuwahi kuruka kwa sababu alipoimaliza hakuwa na jicho la kuifuata. Niliipima uwiano, nikakuta bawa moja limezidi uzito kidogo, nikaliwekea udongo upande wa pili. Ilikuwa nyepesi ajabu. Hakuwa amepoteza hata tone la gundi.

Uwanjani akasimama pembeni yangu. Ilikuwa saa nne asubuhi, upepo bado umelala. Nilitaka atie mikono mfukoni kama tulivyokubaliana zamani. Alitia. Kisha akaitoa.

"Sitaona," akasema. "Niache nione kwa vidole. Nitaviweka vyepesi."

Akapita nyuma yangu. Kidevu begani, tangawizi, sabuni ya kipande. Alikuwa amepungua, kifua chake kwenye mgongo wangu kilikuwa kama fremu ya dirisha. Vidole vikatua juu ya vyangu, vyepesi kama nzi.

Ilipaa kama iliyokuwa inasubiri. Nikazunguka mto, nikarudi. Alikuwa anaisoma kwa vidole vyangu, akasema yote, kama nilivyosema mimi siku zile nikitembea na ndege mkononi. "Sasa unageuka kushoto. Sasa unapandisha. Hapo upepo umekugusa, hukuogopa. Aa. Hukuogopa!" Alicheka sikioni mwangu. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Mama wa Uwanja alikuwa kwenye uzio, na hakuwa na utani.

"Shuka," akasema. "Ni yako."

Nikaielekeza uwanjani. Nikapunguza mota. Ikaja juu ya nyasi, kimo cha mtu, kimo cha kiuno, pana na tulivu, na nilikuwa nimeshatua. Moyoni nilikuwa nimeshatua. Hapo upepo ukainuka kutoka mtoni, mkupuo mmoja, panga likabadili sauti. Nilikuwa na jibu lake. Nimelijibu mara mia Usangu, kusukuma kidogo mbele, kumpa aliyechoka pumzi.

Vidole vya Mwalimu vikakandamiza.

Nami nikaachia. Sikufikiri. Vikikandamiza, ndege ni yangu, achia kabisa. Vidole vyangu vilinyanyuka kama vilivyofundishwa, na ndege ikabaki chini ya vidole vya mtu aliyekuwa na giza mbele yake. Pua ikapanda. Bawa likachoka. Sauti ya kuanguka kwake ilikuwa ndogo sana, kama ya mtu anayekanyaga kikapu.

Tukasimama vilevile, yeye amenizunguka mikono.

"Imetua?" akauliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Nani alikuwa anarusha?"

"Wewe, Mwalimu. Ulikandamiza."

Ng'ombe mmoja alilia upande wa mto.

"Nilishtuka tu," akasema. "Mimi sioni, mwanangu. Nilisikia panga, nikashtuka tu."

Nilimwambia turuke na ile yangu, ipo kwenye gari, sasa hivi, Mwalimu, dakika tano. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni ndege yako. Hii ndiyo niliyotaka itue." Kisha akanyoosha mkono. "Kiroba kiko wapi?"

"Mimi nitaokota, Mwalimu. Kaa."

"Aliyeangusha ndiye anayeokota."

"Nimeangusha mimi."

"Basi tuokote wote. Ng'ombe asile."

Akapiga magoti kwenye nyasi. Mzee yule, ambaye kwa miaka yote hakuinama kumsaidia mtu, alianza kupapasa majani kwa vidole vile, nami nikaenda naye nikiwa nimeshika kiroba. Vipande vya ndege vilikuwa hatua ishirini mbele. Yeye alipiga magoti pale aliposikia, na pale hapakuwa na kitu. Akaokota bunzi la mahindi, akaligeuzageuza.

"Hiki cha wapi?"

"Cha mkia, Mwalimu."

"Tia."

Nikatia. Akaokota kipande cha samadi kavu, chepesi, kimevunjika upande. Nikasema ni cha bawa la kulia. Akaokota kijiti, nikasema mwanzi. Mama wa Uwanja aliruka uzio, akapita mbele yetu bila neno, akaanza kuokota vipande vya kweli kwenye kanga yake, kimya, akavimimina kiasi kiasi ndani ya kiroba Mwalimu alipokuwa anapapasa mbele. Tuliendelea hivyo mpaka magoti yake yakakataa.

Nilimwinua. Akaomba kiroba. Akakipokea kwa mikono miwili, akakipandisha na kukishusha taratibu, kama alivyopima ndege zake zote.

"Nzito," akasema.

Akakipandisha tena.

"Sikuiunda nzito hivi."